Kipaji kipo, uwanja hakuna
Kijana wa bodaboda anayetoka Ikungi na magunia mawili ya alizeti yaliyokazwa kwa mipira, akauvuka mchanga mzito bila kutia mguu chini, ana kipaji; hilo tusibishane. Lakini kipaji peke yake hakijamfikisha mtu kwenye mbio za dunia za pikipiki. Brad Binder wa Afrika Kusini alianza mashindano akiwa mtoto, mwaka 2009 akaingia mashindano ya vijana ya Red Bull Rookies Cup, 2016 akawa bingwa wa dunia wa daraja la Moto3, na 2020 akashinda mbio za MotoGP, daraja la juu kabisa, kule Brno. Uganda wana uwanja wa motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia za udongo, huko Garuga, karibu na Entebbe. Hapa Singida mpenda kandanda ana uwanja wa Liti na Singida Black Stars ya kuiota; mpenda pikipiki amebakiwa na barabara kuu, akipimana kasi na wenzake katikati ya malori, na tunajua wanavyorudi: wamefungwa plasta, au hawarudi kabisa. Naziomba halmashauri zetu zitenge eka chache zisizolimwa, zijenge matuta ya udongo, zihimize kofia ngumu na vikinga magoti, na gari la wagonjwa liwepo kila siku ya mashindano. Zianze na watoto, kwa pikipiki ndogo za cc 50.