Kipindi cha michezo hakikopeshwi

Ingia katika shule nyingi za msingi huku Bariadi, utazame ratiba iliyobandikwa ukutani. Kipindi cha michezo utakikuta kimeandikwa kwa mwandiko safi kabisa. Rudi saa ya kipindi chenyewe, utakuta watoto wamefungiwa ndani wanafanya Hisabati. Kipindi kimekopwa, na deni lake halilipwi. Mwalimu aliyekikopa wala hana nia mbaya: Upimaji wa Kitaifa wa Darasa la Nne uko mbele, na mzazi akija shuleni haulizi mtoto wake alichezaje, anauliza amepata ngapi.

Mimi nafundisha darasa la tatu hapa Sapiwi, na nasema mkopo huo unatutia hasara. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umelipatia darasa la tatu somo la Sanaa na Michezo. Ni somo kama masomo mengine, na anayelifuta amefuta somo.

Hasara naiona hivi. Tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, madarasa yamefurika. Kwangu watoto wanabanana watatu, wanne, dawati moja. Katika umati huo mtoto mkimya anaweza kumaliza muhula mwalimu hajaisikia sauti yake. Wengi nyumbani wanazungumza Kisukuma. Nikiwauliza swali kwa Kiswahili, wanainamisha kichwa. Uwanjani mambo ni mengine. “Umepigwa!” “Sijapigwa, nimekwepa!” “Mwalimu, huyu anadanganya!” Mtoto anayetetea haki yake kwenye mchezo hangoji kunyoosha kidole, na Kiswahili kinamtoka chenyewe.

Mchezo tunaoupenda ni rede. Warushaji wawili wanasimama huku na huku, na aliye kati anaukwepa mpira huku akijaza mchanga kwenye chupa. Mpira tunashona wenyewe: kitambaa kuukuu nje, ndani pamba, ambayo huku kwetu si ya kutafuta. Nimebadilisha kitu kimoja tu. Kati wanaingia watoto sita kwa chupa moja, na kundi halijamaliza mpaka kila mmoja awe ametia gao lake la mchanga. Akipigwa hata mmoja kabla hajatia, kundi zima linaanza upya.

Siku za mwanzo wenye mbio waliijaza chupa peke yao wakaanza kushangilia. Nikawaambia bado. Wakamgeukia msichana mmoja mzito wa kukimbia, wakamkemea mpaka akataka kulia, na kila alipojaribu alipigwa. Aliyewatoa hapo ni mvulana ambaye hukosa shule mara kwa mara kwa sababu ya kuchunga ng’ombe. Aliwapanga: wawili wawachokoze warushaji upande ule, watatu wamkinge mwenzao hadi kwenye chupa. Wakamaliza. Alama za Hisabati za mvulana yule zinanisikitisha, lakini kulifikisha kundi bila kumwacha aliye nyuma ndiyo kazi yake ya kila jioni. Nisingemjua kama ningemwona akiwa na kalamu tu.

Haya si mageni Usukumani. Wazee wetu walilima kwa bugobogobo: ngoma inalia, majembe yanapanda na kushuka kwa pamoja, na mwenye nguvu hatangulii peke yake kwa sababu mdundo ni mmoja. Wagika na Wagalu, makundi mawili ya ngoma ambayo mashindano yao yana asili yake katika karne ya 19, hushindania watazamaji: kundi lililovuta umati mkubwa ndilo lililoshinda. Fundi mmoja asiye na kundi hana anachokishinda. Walikuwa wanacheza, na katika kucheza walifunzwa kuishi na watu.

Wataalamu wa mbali nao waliliona jambo hili. Jean Piaget wa Uswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1932 kuhusu maadili ya watoto, alianza kwa kuwauliza watoto wanaocheza gololi sheria za mchezo wao zimetoka wapi. Wadogo waliziona kama amri ya wakubwa isiyoguswa. Waliokua kidogo walijua kuwa sheria ni makubaliano yao wenyewe, na wote wakikubali zinaweza kubadilishwa. Darasani kwangu watoto ndio waliodai mwamuzi abadilishwe kila mchezo, kwa kuwa wa kwanza alikuwa anampendelea rafiki yake. Sheria hiyo waliyoitunga wenyewe wanaifuata kuliko zangu, na sijawahi kushika fimbo kuilinda.

Nikiri lakini kwamba mchezo ulioachwa hivi hivi hufundisha ubabe pia. Wakubwa wanautwaa mpira, wasichana wanatumwa maji. Kwa hiyo simtetei mwalimu anayerusha mpira nje kisha akarudi ofisini kusahihisha madaftari. Kazi ipo. Makundi yachanganywe, wepesi na wazito, wavulana na wasichana. Majukumu yazunguke: mwamuzi, mhesabu alama, mtunza vifaa. Dakika za mwisho tukae chini ya mti tuulizane: leo nani alisaidiwa? Nani alionewa? Kundi hili lilikwama wapi? Ukiyakosa maswali hayo, umetoa jasho tu.

Wapo watakaosema UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi kitaifa, inatosha. Ni mashindano mazuri, ila kazi yake ni kuchagua wachache wenye vipaji. Waliobaki wanapiga makofi. Tabia njema haichaguliwi kwa mchujo, inahitajika kwa kila mtoto. Na anayehofia Hisabati aje anitembelee. Kitabu kimoja kwetu kinasomwa na watoto kadhaa, na zamani nusu ya kipindi iliishia kwenye ugomvi wa nani akishike. Siku hizi anayemaliza hesabu mapema humgeukia jirani yake bila kuambiwa, maana amezoea kuwa kundi halijamaliza kama mmoja bado.

Naomba mambo matatu. Wadhibiti ubora, mkija kukagua msiishie kwenye ratiba ya ukutani. Tokeni mje uwanjani saa ya kipindi. Kamati za shule, lindeni viwanja visigeuzwe mashamba wala visimegwe viwanja vya nyumba. Walimu wenzangu, kama Hisabati haitutoshi, tudai muda zaidi kwa wanaohusika, tusiuchukue kwa watoto ambao hawana wa kumlalamikia. Pamba na vitambaa tunavyo; kilichobaki ni sisi kutoka nje pamoja nao.