Nyoka Mgeni Asivuke Lango Bila ya Kukaguliwa

Kiyovu ni mtaa wa bustani. Miti yake mikubwa na nyua zake pana huburudisha macho ya mpita njia, lakini kwa askari aliye lindoni usiku, majani hayo hayo ni maficho ya viumbe vya kila namna. Nyoka akionekana chini ya ukuta, yuko atakayetaka kumwua papo hapo, na yuko atakayevutiwa na rangi zake akatamani kumfuga. Leo tunasema na huyu wa pili.

Tamaa ya kufuga nyoka si jambo geni jijini Kigali. Katika iliyokuwa ikulu ya Kanombe, ambayo sasa ni makumbusho, wageni huonyeshwa mahali ambapo Rais Habyarimana alifuga chatu. Lakini mnyama wa mwituni si mali ya aliyemwokota. Chatu wote wamo katika orodha ya viumbe ambao biashara yao ya kimataifa inasimamiwa na Mkataba wa Washington wa mwaka 1973, na Rwanda inayo sheria yake ya mwaka 2021 ya kuhifadhi viumbe hai. Asiye na kibali hana budi kumwacha nyoka alipo na kuwaarifu wahusika.

Na mwenye kibali je? Huyo naye, awe bwana mkubwa wa Kiyovu au askari wa kawaida, anao wajibu mmoja usiokwepeka: kumtenga nyoka huyo katika karantini kabla ya kumchanganya na wanyama wengine.

Ndugu askari, ninyi mnaelewa jambo hili kuliko raia wengi. Mgeni afikapo langoni hukaguliwa hata kama anatabasamu. Nyoka wa mwituni ni mgeni wa namna hiyo. Huweza kuonekana mzima kabisa, kumbe amebeba kupe, utitiri wanyonyao damu, minyoo, na vijidudu vya salmonela ambavyo humharisha binadamu na kumtia homa. Mwaka 1972, katika shamba moja la nyoka huko Uswisi, ulizuka ugonjwa wa mapafu ulioua nyoka wengi. Uchunguzi ulionyesha kwamba ulisababishwa na kirusi.

Wala hasara haiishii kwa nyoka. Mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa nchini humo kobe wa aina tatu kutoka Afrika, kwa kuwa walionekana na kupe wawezao kueneza maradhi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo, yale yanayojaza maji katika mfuko wa moyo. Katika nchi kama yetu, ambamo ng'ombe ni heshima ya nyumba, nani atathubutu kulipuuza onyo hilo?

Utaratibu wenyewe ni mwepesi. Nyoka mgeni awekwe katika chumba cha peke yake, mbali na jiko na watoto, kwa muda usiopungua siku 90. Atandikiwe karatasi badala ya nyasi, ili kinyesi na utitiri vionekane mara moja. Chombo chake cha maji na koleo lake visitumiwe kwa mnyama mwingine. Ahudumiwe mwisho, baada ya wanyama wenyeji, na mhudumu anawe mikono kwa sabuni. Kinyesi chake kipimwe na daktari wa mifugo. Dalili ya ugonjwa ikijitokeza, au mgeni mwingine akiingizwa chumbani, siku zianze kuhesabiwa upya.

Wako watakaonung'unika kwamba siku 90 ni nyingi mno. Tunawakumbusha mwaka 2024. Tarehe 27 Septemba nchi yetu ilitangaza mlipuko wa Marburg, ugonjwa ambao asili yake ilikuwa popo wa pangoni. Watu 66 waliambukizwa na 15 wakafariki, wengi wao wakiwa wahudumu wa afya. Hatusemi kwamba nyoka huleta Marburg, la hasha. Tunasema kwamba maradhi ya mwituni huingia mjini kupitia mlango mmoja tu ulioachwa wazi. Waliokutana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21, na kwa nidhamu hiyo mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha tarehe 20 Desemba mwaka huo huo.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Asiyeweza kumtenga nyoka kwa miezi mitatu asimfuge hata siku moja. Na asiyemtambua nyoka ahesabu kuwa ana sumu: asimguse, asimchokoze, bali awaondoe watu na kutoa taarifa. Cheo hakimkingi mtu na kirusi, wala ukuta mrefu wa Kiyovu haumzuii kupe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.