ANAYEJUA KULA TU HAJUI BAO



Kuna desturi mbaya imeenea mabarazani. Kijana akija kujifunza bao, hufundishwa kula kwanza, na kulinda huachiwa akujue kwa kufungwa. Wazee hucheka, naye huondoka asirudi tena. Nayaona haya hapa Singida, nanyi watu wa Pwani, mlio wenyewe wa mchezo huu, mnayajua zaidi. Nasema mafunzo hayo ni upotofu, na hoja zangu ni hizi.

Kwanza, bao si nardi. Nardi huchezwa kwa dado, nasi tumekatazwa. Anayeshindwa huko husingizia bahati. Bao halina dado. Kete zote 64 zajulikana zilipo. Aliyeliwa, ameliwa kwa kutotazama. Basi kutazama ndiko kufundishwe mwanzo.

Pili, kete zinazolika ni za mstari wa mbele tu, tena zile zinazokabiliana na shimo la mwenzako lenye kete. Ukiwa na kete 10 shimoni, na mbele yake mwenzako ana kete moja, hiyo moja ikipata ya pili yatosha kuzichukua zote. Kwa hiyo mwanafunzi asiulize tu, "Nitakula wapi?" Aulize pia, "Nikimaliza kugawa, nitaacha nini wazi?"

Watasema, "Sheria yamlazimu mtu kula panapolika, hiari ya kulinda iko wapi?" Ipo. Palipo na pa kula pawili, wachagua pamoja. Na mara nyingi wachagua pia kuanzia kichwa cha kulia au cha kushoto. Katika namua, ukila na kete ya mwisho ikaangukia nyumba yako ambayo bado hujaivunja, una hiari kutua au kusafiri. Mlafi husafiri kila mara, na mara hana nyumba tena.

Wengine watasema kulinda ni woga, ni kuficha kete mstari wa nyuma. Hasha! Mstari wa mbele ukiwa mtupu umeshindwa, ijapokuwa nyuma umejaza. Kulinda si kujificha. Ni kujua kipi kibaki mbele na kipi kirudi nyuma.

Basi wewe mzazi, mwanzishie mwanao bao la kujifunza, mashimo yote 32 yawe na kete mbili mbili. Kabla hajacheza, akuonyeshe shimo lake lililo hatarini. Mfugaji wa huku hanunui ng'ombe wa pili hali zizi halina mlango.

Nanyi wazee wa barazani, mkimfunga mwanafunzi mara kumi pasi na kumwonyesha alipoacha wazi, mmeshinda nini? Mmemfukuza ambaye angelicheza bao hili baada yenu.