Vigae vya Sebuleni, Tope la Chooni

Ndugu zangu wenye asili ya Bukoba na Muleba, Desemba ikifika tunarudi nyumbani na fedha za kuonyesha. Anayejiweza humwekea mama yake vigae sebuleni, vikang'aa, majirani wakasifu. Hakuna anayeuliza mama atavikanyagaje akitoka shambani, kandambili zimeliwa soli na mvua ya kwetu imelowesha baraza zima.

Akianguka tunasema: ni uzee. Nakataa. Uzee humpunguzia mtu nguvu za mapaja na macho, lakini kinachomwangusha mara nyingi ni kitu ambacho kijana mwenye jembe angekiondoa asubuhi moja.

Tazameni njia ya chooni. Inateremka katikati ya migomba, majani makavu yamelalia tope, na kisiki kimeachwa palepale mkungu ulipokatwa. Saa nane za usiku bibi anainuka ghafla. Kama anameza dawa za presha, kizunguzungu kinamkuta mlangoni. Jicho moja lina mtoto wa jicho, tochi anayo mjukuu. Asubuhi mkimkuta chini, mchawi mnamtafutia nini?

Nyonga ikivunjika, jambo si dogo. Mzee akilala muda mrefu hupata vidonda na nimonia, na wengi hawatembei tena kama zamani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wanaoongoza ni waliopita miaka 60. Kwetu hasara ni mara mbili. Tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walipogunduliwa Kagera mwaka 1983, bibi wengi wameachiwa yatima. Ndiyo maana shirika la Kwa Wazee, pale Nshamba, likaanza kuwapa wazee pensheni. Bibi huyo akivunjika, mjukuu ndiye anayeacha shule ili amgeuze kitandani.

Basi chimbeni ngazi kwenye mteremko ule, mwageni kokoto, simikeni nguzo za mkaratusi na mti wa kushikilia hadi mlango wa choo. Usiku awe na ndoo chumbani na tochi yake mwenyewe. Mnunulieni raba zinazofunika kisigino. Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda. Kila siku ainuke na kuketi kitini mara kadhaa, mapaja yasilegee. Macho yapimwe, na dawa zake zote daktari azione pamoja. Mkongojo si aibu. Babu zetu walitembea nao wangali na nguvu. (Na babu anayerudi na pombe ya lubisi kichwani, asindikizwe tu, hata akifoka.)

Akishaanguka na mguu ukakataa kusimama, asivutwe wala asikandwe. Ufungwe usitikisike, apelekwe hospitali ya Rubya, Ndolage au Kagondo siku hiyohiyo.

Kikao cha ukoo cha mwaka huu kianze na choo cha bibi. Marumaru ya kaburi la babu yangoje mwakani.