Siku ya kwanza Bruxelles, peke yake

Siku ya posho iliyopita hatukumaliza hesabu za likelemba. Mwenzetu mmoja alikuwa amerudi kutoka Ubelgiji, kwa binti yake aliyezaa, na kila mtu alitaka kusikia. Amekubali tuandike aliyotusimulia, mradi jina lake tusilitaje.

Kwa wiki tatu kazi yake kule ilikuwa kuogesha mtoto na kupika bukari. Mji aliuona kwa dirisha tu. Mkwe alikuwa kazini, binti hakutaka kutoa kitoto kwenye baridi, na yeye, mjane wa miaka 54, hajawahi kutembea katika mji wa kigeni bila mtu wa pembeni. Asubuhi moja akasema: leo natoka. Binti alibisha, kisha akamwandikia anwani ya nyumba kwenye karatasi na kumpa vijisenti vya choo, maana kule hata kujisaidia mara nyingi kunalipiwa. Mama akapanda treni mpaka Gare Centrale.

Tulimuuliza kama aliogopa. Alisema ngazi zinazotembea zenyewe zilimtisha kuliko watu.

Kutoka gare ni mwendo mfupi hadi Grand-Place, uwanja mkubwa wa zamani. Hapo alisimama muda mrefu. Nyumba zimesimama bega kwa bega, zina mapambo ya dhahabu mpaka juu, na mnara wa nyumba ya mji una mita 96. Alidhani ziko vile tangu mwanzo. Hapana: mwaka wa 1695 jeshi la mfalme wa Ufaransa, Louis XIV, liliupiga mji kwa mizinga, na sehemu kubwa ya uwanja ikaungua. Waliojenga upya, tena kwa miaka michache tu, ni vyama vya kazi: waoka mikate, washonaji, wapika bia, watu wa mashua. Kila chama na nyumba yake. Tulipofika hapo mweka hazina wetu aliguna, na sisi tukaelewa maana yake. Sisi hata banda la mkutano bado tunaazima.

Manneken Pis hatutasema mengi. Ni kijitoto cha shaba kinachokojoa, kina sentimita 55 hivi, na nguo zake zimepita elfu moja. Watu wanasafiri kutoka mbali kuja kukipiga picha. Kwetu angepata kofi.

Kutoka pale njia inapanda, na mawe ya barabara yalimuumiza miguu kwa sababu alivaa viatu vya ibada. (Atakayekwenda, achukue viatu vya chini.) Alipita mbele ya jumba la mfalme, akazunguka nyuma yake, akatokea Place du Trône. Pale kuna sanamu ya Léopold II juu ya farasi, iliyowekwa mwaka wa 1926. Alitaka kupita tu. Lakini alichoka, akaketi, na alipoinua macho aliona kuna maandishi pale chini ya sanamu. Akasogea kusoma. Yanasema kwamba shaba na bati za sanamu hiyo zilitoka Kongo, na kwamba Union Minière du Haut-Katanga ilizitoa bila malipo.

Wamama wa Lubumbashi, hatuhitaji kuelezwa shaba ile ilipitia mikono gani. Babu ya mwenzetu alitolewa Kasai akiwa kijana, akaja kufanya kazi mgodini katika miaka ileile. Hakuacha picha hata moja. Mjukuu wake alituambia aliweka mkono kwenye lile jiwe, akaondoa haraka, akaangalia kama kuna mtu anamwona. Hakuna aliyemwangalia. Watu walikuwa wanakimbilia kazi zao.

Aliposhuka kidogo, dakika chache tu, akakuta kibao kingine: Square Patrice Lumumba. Uwanja ule ulipewa jina hilo tarehe 30 Juni 2018. Lumumba aliuawa huku kwetu, tarehe 17 Januari 1961, upande wa Shilatembo, na Ubelgiji ulirudisha jino lake kwa familia mwaka wa 2022 tu. Hapo mkutano wetu ulipata moto. Wengine walisema uwanja ni mdogo mno karibu na farasi ule. Mama mkubwa mmoja akasema tuache, mambo ya wafu hayalishi watoto. Sisi tunaomheshimu tulinyamaza, ila hatukukubali. Watoto wetu wa darasa la tano wanatuuliza kwa nini mji unaokaa juu ya shaba unakosa maji, na mwalimu hawezi kuwajibu kwa kuanzia jana.

Kutoka kwenye uwanja ule unaingia Matonge, na huko mwenzetu alipumua. Wasusi wa nywele, vikwembe, samaki wa kukauka, sombe! Wengi walisema Kilingala. Akasalimia kwa Kiswahili, na mama mmoja nyuma ya meza ya mboga akaitika, akamvutia kiti, akamletea maji bila kumuuliza anatoka kwa nani. Walikaa karibu saa nzima. Sombe alinunua kwa bei ambayo hatuiandiki hapa, mtatuona waongo.

Jioni alipanda treni isiyo yake, akaonyesha ile karatasi kwa kijana mmoja, akarudishwa njiani. Alifika giza limeingia. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, hakusema neno, akamvua viatu.

Picha ya yale maandishi iko kwenye simu yake. Siku ya posho ijayo ataileta tena, na ameahidi kufika mapema ili wasiojua Kifaransa wasomewe kabla hatujaanza hesabu.