Glasi isiyo na sahani inaharibu usiku wa Krete

Nafanya kazi jikoni, kwenye taverna moja ya mji wa Heraklion kisiwani Krete, Ugiriki. Watalii wakijaa, tunafunga saa nane za usiku. Nimeona wageni wengi wakinywa, na msimamo wangu ni huu: likizo za vijana visiwani humu zinaharibiwa na pombe inayouzwa bila chakula, na halmashauri zinapaswa kulikomesha jambo hilo.

Mkrete hanywi kavukavu. Akiagiza kichupa cha raki, pombe kali inayopikwa kwa machicha ya zabibu zilizokwisha kukamuliwa divai, sisi jikoni tunajua kiende na sahani. Tunaweka zeituni, matango, vipande vya jibini, pengine konokono waliokaangwa kwa siki na rozimari. Sahani ninayoipenda ni dakos. Nachukua mkate mkavu wa shayiri, naunyunyizia maji kidogo ulainike, naukwaruzia nyanya mbivu juu yake, naongeza jibini laini ya mizithra na oregano, kisha namimina mafuta ya zeituni mpaka yachuruzike pembeni. Anayekula hivyo hunywa taratibu. Saa tano za usiku utakuta bibi na wajukuu meza moja, sauti zimepaa, na hakuna anayeyumba. Wakishiba, mwenye taverna huwaletea tikiti maji na raki nyingine isiyoingia kwenye bili.

Sasa nenda Malia, kama kilomita 35 mashariki yetu. Barabara ya baa ina wapiga debe mlangoni kama stendi ya mabasi: lipa toti moja, pata mbili. Vijana wa Uingereza na nchi jirani zake, wengi wakiwa safarini mara ya kwanza bila wazazi, wanazimeza tumbo tupu. Baadhi ya baa huwauzia pombe iliyochakachuliwa, ambayo Wagiriki huiita bomba. Matokeo yake yanafahamika. Mwaka 2003, huko Faliraki kisiwani Rhodes, kijana kutoka Uingereza wa miaka 17 aliuawa kwenye ugomvi wa baa. Alikuwa na wazazi huyo, nao walimuaga akienda kufurahi.

Wenye baa husema vijana hao ndio wanaoleta pesa, na wengi wetu tuliotoka mbali tunapata riziki kwao. Ni kweli, nami nakula humohumo. Lakini fedha ya sahani hutembea: inamfikia mvuvi wa pweza, mchungaji wa mbuzi, mkulima wa mizeituni, na akina mama wanaochuma mboga za mwitu mlimani. Fedha ya bomba inaishia kwa aliyeichakachua.

Kwa hiyo leseni ya kuuza pombe usiku iende na jiko linalofanya kazi mpaka saa ya kufunga, na biashara ya lipa moja upate mbili ipigwe marufuku. Chipsi, mayai, mkate na zeituni havimfilisi mtu.

Nawe ndugu msomaji, ukijaliwa kufika huku, au ukiwa na mwanao Ulaya anayejiandaa kuja, kabla ya kukaa ulizeni: kinywaji hiki kinaletwa na nini cha kula? Mwenye baa akikosa jibu, nendeni taverna ya jirani.