Utenzi Upo, Filamu Iko Wapi?

Mnamo mwaka wa 1820, malenga wa Kirusi Aleksandr Pushkin alichapisha utenzi wake wa Ruslan na Lyudmila. Pushkin, msomaji akumbuke, alikuwa kitukuu cha Abram Gannibal, Mwafrika aliyefikishwa Urusi angali mtoto na kulelewa katika jumba la mfalme Peter Mkuu. Utenzi huo ungali unasomwa. Opera aliyoitunga Mikhail Glinka kutokana nao, mwaka wa 1842, ingali inaimbwa. Lakini filamu ya Wladyslaw Starewicz ya mwaka wa 1915, iliyotokana na utenzi uo huo, imepotea.

Wapo watakaouliza: hasara gani hiyo, maadamu shairi lenyewe lipo? Sikubaliani nao hata kidogo. Starewicz hakuwa mnukuzi wa kazi za wenzake. Ndiye fundi aliyewachukua wadudu waliokufa, akawatia nyaya mahali pa miguu, akawapiga picha hatua kwa hatua hata wakaonekana wakipendana na kufumaniana. Filamu hiyo ya 1912 ingalipo, na ingali inachekesha. Basi mpe fundi wa aina hiyo mchawi mwenye nguvu ndevuni, na kichwa kikubwa mno kisicho na kiwiliwili, kinachompulizia shujaa tufani! Mpe na Ivan Mozzhukhin awe Ruslan. Hayo yote hatutayaona.

Kweli, mikanda ya enzi hizo ilikuwa ya naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza kikihifadhiwa vibaya. Kweli pia kwamba Urusi ilipatwa na vita, kisha mapinduzi ya 1917. Hata hivyo, mimi nalaumu zaidi dharau. Kitabu cha Pushkin kikiungua Moscow, kingine kimo kabatini St. Petersburg. Filamu ilihesabiwa kuwa bidhaa ya msimu: nakala chache, zikizungushwa hadi zichakae, kisha basi. Kati ya filamu zipatazo 2,000 zilizotengenezwa Urusi kabla ya mapinduzi, zilizosalia ni kama 300 tu.

Walakini tusifanye matanga mapema. Filamu ya Dziga Vertov ya 1918 kuhusu mapinduzi ilikuwa imetawanyika, ikaunganishwa upya mwaka wa 2018. Wenye hifadhi za filamu, popote walipo, na wafungue yale makopo yasiyo na majina.